Maji Yafanye Kazi Mara Mbili: Somo kwa Nyumba Iliyojaa

Baada ya shule kufungwa katikati ya Machi 2020, na kafyu kuanza tarehe 27 ya mwezi huo, nyumba nyingi za Mombasa zilikuwa na watu mchana kutwa. Hapo awali watoto walikwenda choo shuleni, wakanawa shuleni, na wengine wakala chakula cha mchana huko huko. Mzee wa nyumba alikunywa chai yake kazini au kwenye kibanda cha jirani na kazi. Mahitaji ya nyumba yalikuwa yamegawanywa sehemu nyingi bila mtu kuyahesabu. Kisha yote yakarudi chini ya paa moja, tena wakati ambapo kipato cha familia nyingi kilikuwa kimepungua au kimekatika kabisa.

Wakazi wa Mji wa Kale waliyaonja haya kwa ukali zaidi. Mtaa wao ulifungwa kuanzia tarehe 6 Mei, Ramadhani ikiwa bado inaendelea, na haukufunguliwa hadi tarehe 7 Juni. Kisha kafyu ilisogezwa, ikawa kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, lakini kuingia na kutoka katika kaunti kulikuwa bado kumezuiwa. Kwa hivyo swali la jinsi nyumba itakavyojikimu kwa kidogo ilichonacho halikuwa la kupita leo wala kesho.

Somo hili linaanza na maji, na litakaa hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine. Sababu ni kwamba agizo la kwanza la kujikinga na korona ni kunawa mikono kwa sabuni na maji, na nyumba iliyoishiwa maji saa nane mchana haiwezi kulitii agizo hilo hata ikitaka.

Hesabu ya mtungi

Maji matamu yanayofika Mombasa husafiri mbali. Mengine hutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950. Mengine hutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Kilifi, na mengine Marere na Tiwi upande wa Kwale. Maji hayo hayatoshi mji huu, ndiyo maana kuna mgao, na ndiyo maana wauza maji wa mikokoteni hawakosi kazi. Familia inayonunua maji kwa mtungi wa lita 20 inajua bei yake kuliko mtu yeyote. Lisilojulikana mara nyingi ni mtungi huo unaishia wapi.

Chukua nyumba ya watu sita. Kila mmoja akinawa mara kumi kwa siku, hiyo ni minawo 60. Mfereji unaotoa lita 6 kwa dakika ukiachwa wazi kwa sekunde 20, zile sekunde za kusugua mikono kwa sabuni, unamwaga lita 2. Mara 60 ni lita 120, yaani mitungi sita imekwenda kwenye mikono peke yake. Mtu akilowesha mikono, akafunga mfereji, akasugua kwa sekunde zile zile 20 kisha akafungua kusuuza tu, mfereji hukaa wazi kama sekunde 5, na matumizi ni nusu lita. Jumla inashuka hadi lita 30, mtungi mmoja na nusu. Usafi wa mikono haujapungua hata kidogo, kwa sababu kazi ya kuua kirusi inafanywa na sabuni na msuguano. Maji ni ya kulowesha na kuondoa povu.

Anayetia udhu kwa kopo au birika anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Kopo moja likishikwa vizuri linamtosha. Mfereji ndio uliomfundisha mtu kumwaga.

Kwa nyumba isiyo na mfereji ndani, au ploti yenye vyumba sita na bomba moja uani, kibuyu chirizi kinafaa kuliko ndoo ya kuchovya mikono. Kinatengenezwa kwa galoni ya plastiki ya lita 3 au 5. Tundu dogo linatobolewa kwa msumari uliotiwa moto, upana wa kiganja chini ya mdomo wa galoni, upande ulio mbali na mkono wa kushikia. Galoni inatundikwa kwenye kijiti kilicholala juu ya nguzo mbili, kisha kamba inafungwa kwenye shingo yake na kuteremshwa hadi kwenye kijiti kingine kilicho karibu na ardhi. Mtu akikanyaga kijiti cha chini, galoni inainama na maji yanachirizika. Akiachia, yanakoma. Hakuna anayegusa kitu kwa mkono mchafu, jambo ambalo mfereji wa kawaida hauwezi kulidai, na mnawo mmoja unaweza kutumia robo lita tu. Sabuni ya kipande itundikwe kando ndani ya soksi kuukuu, maana sabuni iliyoachwa juu ya jiwe lenye maji huyeyuka kabla ya Ijumaa.

Maji matamu na maji ya chumvi

Nyumba nyingi za zamani kisiwani zina kisima, au ziko jirani na kisima cha msikiti. Maji yake mara nyingi yana chumvi, na kwa kuwa vyoo vya shimo na karo za maji taka zimejaa mji mzima, visima vifupi vingi vimechafuliwa. Watu wengine kwa sababu hiyo wamevipa kisogo kabisa. Ni hasara. Maji ya kisima yanafaa kumwaga chooni, kupigia deki sakafu na kufulia nguo nzito. Sabuni haitoi povu jingi kwenye maji ya chumvi, na itabidi itumike zaidi kidogo, lakini inasafisha. Kinachotakiwa ni vyombo viwili visivyobadilishana, kimoja cha maji matamu ya kunywa na kupikia, kingine cha maji ya kisima, kila kimoja na kopo lake. Kitambaa cha rangi kikifungwa kwenye mkono wa mtungi, hata mtoto wa miaka mitano hatakosea.

Maji yaliyokwisha tumika yana safari ya pili. Ya kuosha mchele na mboga huenda kwenye mimea. Ya kusuuza nguo huenda kwenye deki, na baada ya deki huenda chooni. Ya kunawa mikono, yakikingwa kwa beseni chini ya kibuyu chirizi, humwaga choo mara kadhaa kwa siku. Masharti ni mawili. Maji ya sabuni yasikae zaidi ya siku moja, kwani huoza na kunuka. Na maji yaliyotiwa dawa ya klorini yasipelekwe kwenye mimea.

Tukio la klorini linastahili neno moja zaidi, kwa sababu wengi waliinunua mwaka 2020 kwa mara ya kwanza. Isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, wala siki, wala dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na bafu la nyumba za Mombasa aghalabu lina kidirisha kimoja cha ukubwa wa kitabu.

Kwa maji ya kunywa, kuchemsha kunakula makaa au gesi. Mahali penye jua kama hapa kuna njia isiyogharimu kitu. Maji yasiyo na matope hutiwa kwenye chupa safi ya plastiki inayoonyesha ndani, ya lita 1 au 2, ikafungwa na kulazwa juu ya bati juani kwa saa 6. Siku ya mawingu mazito, chupa ibaki hapo siku mbili. Miale ya jua huua vijidudu vinavyoleta kuhara. Haiondoi chumvi wala kemikali, kwa hivyo maji ya kisima chenye chumvi hayatageuka matamu kwa kuanikwa.

Hatari iliyo ndani ya pipa

Hapa ndipo uangalifu wa maji unapoweza kugeuka balaa. Kila familia iliyosikia habari ya mgao imejaza pipa, ndoo, karai na hata masufuria. Mombasa imepata milipuko ya dengi, na mwishoni mwa 2017 hadi 2018 ikapata chikungunya. Magonjwa yote mawili huenezwa na mbu aitwaye Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, ambaye hapendi mtaro mchafu. Anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba za watu, yaani yale yale yaliyohifadhiwa kwa kunawa mikono.

Mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na magharibi. Chandarua cha usiku kinamzuia mbu wa malaria lakini humkuta Aedes ameshamaliza kazi yake. Miezi ya kawaida watoto wangekuwa shuleni saa hizo. Mwaka 2020 walikuwa sebuleni, hatua tatu kutoka kwenye pipa, na mvua za masika zilijaza kila kifuu na kila tairi lililosahauliwa uani.

Kumwaga maji na kujaza mapya hakutoshi. Jike hutaga mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji yanapoishia, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja maji yapande. Ndiyo sababu chombo lazima kisuguliwe. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi, kwa hivyo siku moja ya kusugua kila wiki inakata mzunguko wote. Ijumaa asubuhi inafaa kama siku nyingine yoyote, mradi isibadilike. Pipa linasuguliwa ndani kwa brashi ngumu na sabuni, hadi kwenye ukingo wa juu, linasuuzwa, linajazwa na kufunikwa kwa kifuniko kinachobana au kitambaa cha kusokotwa kilichofungwa kwa mpira. Sahani iliyowekwa juu ya ndoo haimzuii mbu.

Katika ploti yenye tangi moja la wapangaji wote, kazi hii isiyo ya mtu huwa haifanywi na mtu. Orodha ya zamu iliyoandikwa kwa makaa ukutani imemaliza ugomvi mwingi kuliko vikao.

Mtu akishikwa na homa kali, asikimbilie kusema ni korona, wala asiseme siyo. Inaweza kuwa korona, malaria au dengi. Apumzike mbali na wenzake, avae barakoa, na atafute ushauri wa daktari. Kama kuna shaka ya dengi, asinywe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuzidisha kutokwa damu. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa homa hiyo hadi apimwe.

Moto mdogo, chakula kingi

Baada ya ukataji miti katika misitu ya umma kusimamishwa Februari 2018, bei ya makaa iliwaumiza wapishi. Mwaka 2020 nyumba iliyokuwa ikipika mara moja kwa siku ikaanza kupika mara tatu. Jiko lenye udongo ndani, ambalo Wakenya wamelijua tangu miaka ya 1980, linapunguza makaa kwa kiasi kikubwa likilinganishwa na seredani ya bati tupu, na anayeweza kulimudu atarudishiwa gharama yake upesi. Vifuu vya nazi navyo huwaka kwa moto mkali. Ni kosa kuvitupa jaani kisha kwenda kununua kopo la makaa.

Lakini akiba kubwa kuliko zote iko baada ya moto kuzimwa. Mbaazi, pojo, maharagwe na mchele haviivi kwa moto bali kwa joto, na joto linaweza kufungiwa. Kapu pana la ukili hutandikwa ndani usufi wa mto kuukuu, au nguo zilizochakaa, unene wa kiganja kila upande, na mto mwingine wa usufi hushonwa kwa ajili ya juu. Mbaazi zilizolowekwa usiku kucha huchemshwa kwa nguvu kwa dakika 20 zikiwa zimefunikwa. Sufuria inatolewa motoni bila kufunuliwa, inaingizwa kapuni, inafunikwa kwa mto, na inaachwa saa tatu au nne. Mchele unatosheka na dakika tano za moto na kama saa moja ya kapu. Sufuria iwe karibu kujaa, kwani chungu kikubwa chenye chakula kidogo hupoa haraka.

Kuna onyo moja kwa maharagwe mekundu. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa nguvu tu, si uvuguvugu. Yalowekwe, maji yale yamwagwe, na yachemke kwa dakika 10 kamili au zaidi kabla ya kuonja kapu. Na chakula chochote kikitoka kapuni kikiwa vuguvugu kirudishwe motoni hadi kichemke tena kabla ya kuliwa.

Faida ya pili ya kapu ni hewa. Jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa na watoto wamelala, hutoa hewa isiyoonekana wala kunusika inayoua watu usingizini. Makaa yawakie nje, na yasiingizwe chumbani kukausha nguo za watoto wakati wa mvua, mazoea ambayo yangali yapo.

Gunia mlangoni

Mchicha unavunwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa, na majani ya kunde hali kadhalika. Sukuma wiki huchelewa kidogo lakini huchumwa kwa miezi. Yote haya huota katika gunia moja la kilo 90 lililosimama mlangoni, mahali penye jua angalau nusu siku. Udongo uliochanganywa na samadi iliyooza hujazwa gunia, na katikati husimamishwa mkebe usio na kitako uliojaa kokoto. Kila udongo unapopanda, mkebe huvutwa juu na kokoto nyingine hutiwa, hadi panapatikana nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Maji ya kuosha mchele yakimiminwa kwenye nguzo hiyo hufika kila mzizi. Ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu hupokea mche.

Wapo waliopanda magunia mwezi Aprili kwa shauku na kuyaacha yakauke Mei. Mara nyingi tatizo lilikuwa samadi mbichi iliyounguza miche, au gunia lililowekwa chini ya mwembe mahali pasipofika jua. Gunia moja linalotunzwa ni bora kuliko manne ya kupigwa picha.

Maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai na machicha ya nazi visiende jaani. Vikitiwa kwenye ndoo yenye matundu, tabaka la taka na tabaka la udongo au majani makavu, huwa mbolea baada ya miezi michache. Machicha yasirundikwe mengi kwa mara moja, maana mafuta yake huita siafu. Kuku wa jirani atayashukuru zaidi.

Unga ulionunuliwa kwa hofu nao uangaliwe. Unyevu wa Pwani huotesha ukungu kwenye mahindi na unga, na ukungu huo unaweza kutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100 katika maeneo ya Ukambani. Haiondoki kwa kuchekecha wala kwa kupika. Unga wenye harufu ya uvundo hutupwa, na hapewi kuku wala ng'ombe wa maziwa.

Barakoa

Barakoa ya kitambaa ndiyo nafuu kwa familia na kwa mji. Shirika la Afya Duniani mapema Juni 2020 lilipendekeza iwe na matabaka matatu, na leso iliyochakaa hutoa kitambaa cha pamba cha tabaka la ndani. Kila mtu awe na zake mbili, moja usoni na nyingine kwenye kamba ya nguo. Ifuliwe kila siku kwa sabuni, ianikwe juani hadi ikauke kabisa, na ipigwe pasi kama kuna umeme. Pasi moja kwa barakoa zote za nyumba, jioni, inakula tokeni kidogo kuliko kuwashwa kila mmoja anapotaka kutoka.

Zile za kutupa zilianza kuonekana mitaroni na ufuoni mwaka 2020. Kabla ya kufika huko zimepita mikononi mwa mzoa taka anayepekua mapipa bila glovu, na wakati mwingine mikononi mwa watoto. Barakoa ya kutupa ikatwe kamba, itiwe kwenye chombo chake chenye kifuniko, mbali na taka za jikoni, na mzoa taka aambiwe kwa mdomo chombo kile kina nini.